Dakika Ishirini na Tano za Chai

Profesa wetu alikuwa na kikombe chenye namba themanini, fremu ukutani yenye namba themanini, na mahali pake pa kuegesha gari palipoandikwa kwa rangi nyeupe themanini, ingawa uwanja mzima una nafasi kumi na mbili tu. Neno la siri la intaneti ya idara lilikuwa themanini, limeandikwa mara mbili kwa ajili ya usalama. Tulimwita Profesa Themanini akiwa hayupo. Alijua, na alifurahi.

Ngoja nieleze namba hiyo ni ya nini kabla sijaanza kusema watu.

Kichwa cha mtu kina matabaka. Juu ngozi, chini yake fuvu, chini yake maji, kisha ubongo wenyewe. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana, na umeme huo hupenya matabaka yote mpaka nje, ambako sisi tunaunasa kwa elektrodi, vijisahani vya chuma vilivyoshonwa kwenye kofia. Mgonjwa wa kifafa tunamvisha kofia hiyo na kurekodi mawimbi yake. Kisha kompyuta inajenga kichwa chake cha kuigiza, tunakiita modeli, na kutoka huko nje inarudi ndani hatua kwa hatua kutafuta dhoruba ya kifafa inaanzia wapi. Daktari wa upasuaji akishaonyeshwa mahali, ndipo anaamua kama atakata au hatakata.

Lakini kompyuta haijui kitu mpaka uiambie. Lazima iambiwe kila tabaka linapitisha umeme kwa kiasi gani. Maji ni mkarimu, hupitisha kila kinachokuja. Ubongo ni wa wastani. Fuvu ni bahili. Sasa ubahili wake ni wa kiasi gani? Ubongo unapitisha umeme mara ngapi zaidi ya fuvu? Mara themanini, alisema Profesa wetu, kwa kila binadamu, mtoto na mzee, mnene na mwembamba. Na ukiipa kompyuta namba isiyo sahihi, haigombi wala haiguni. Inakuonyesha mahali pengine kabisa, kwa rangi nzuri.

Namba yenyewe aliirithi kwa mwalimu wake, ambaye enzi hizo alipima mfupa mmoja wa marehemu mmoja uliokuwa umekaa kabatini miaka. Mfupa mkavu wa kabatini si sawa na mfupa ulio hai, wenye damu na unyevu wake. Hilo hata mpika supu analijua. Lakini Profesa aliandika kitabu kinachomnukuu mwalimu, wanafunzi wakakinukuu kitabu, halafu Profesa akawanukuu wanafunzi. Mpaka mimi naajiriwa pale kama fundi wa elektrodi, namba ilikuwa imeshatembea na kurudi nyumbani mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyeuliza ilizaliwa wapi.

Miaka kumi na mmoja iliyopita ikanunuliwa mashine. Kazi yake ni kupitisha umeme mdogo, mdogo kuliko wa betri ya tochi, kati ya elektrodi mbili, wakati elektrodi thelathini zilizobaki zinasikiliza. Mgonjwa hahisi chochote. Kwa namna umeme ulivyotawanyika, mashine inakadiria fuvu la huyo aliyekaa kitini ni bahili kiasi gani. Ilinunuliwa ili kila kichwa kipate namba yake. Sisi tukaitumia kuhakikisha kila kichwa kina namba ya Profesa.

Vichwa kumi na viwili vya kwanza vilitoa kumi na tisa, ishirini na tatu, kumi na saba, ishirini na moja. Profesa alitikisa kichwa. "Mashine bado ngeni," alisema, "inahitaji kuzoea." Akaniagiza niweke mpaka ndani ya programu: chochote chini ya sabini na mbili au juu ya themanini na nane kikataliwe. Niliuweka kwa mikono yangu hii. Na kwa kuwa nilikuwa mcheshi siku hizo, niliandika maneno ya kutokea kwenye skrini kwa herufi nyekundu: KICHWA KIBOVU. RUDIA.

Kichwa cha kumi na tatu ndicho kilichonipa sifa. Nilikuwa nimeshapaka jeli kwenye elektrodi zote, nikaitwa kupokea maboksi stoo, nikakutana na chai njiani, nikarudi baada ya dakika ishirini na tano. Nikabonyeza. Themanini na moja! Profesa alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Tangu hapo nikaandika katika Mwongozo wa Upimaji, ukurasa wa nne, hatua ya sita: Mgonjwa aachwe atulie kwa dakika ishirini na tano. Sisi wenyewe tuliita hatua hiyo Chai Kwanza. Tulisema mishipa ya fahamu inahitaji kutulia. Hakuna aliyeuliza tangu lini mfupa ukatulia, na mimi niliyeiandika ndiye wa kwanza ambaye sikuuliza.

Vile vilivyokataa hata baada ya chai, mara tatu mfululizo, nilivigongea mhuri mwekundu juu ya faili, KICHWA KIBOVU, na themanini ikaandikwa kwa kalamu. Mama mmoja aliuona mhuri huo kwenye faili la mwanawe, fundi cherehani wa watu, kijana mpole aliyekuwa akianguka mara tatu kwa wiki. "Kibovu vipi, binti yangu?" aliniuliza, na macho yake yakajaa maji. "Ni lugha ya mashine tu, mama," nilimwambia, kisha nikaita anayefuata. Yule kijana alirudishwa nyumbani na vidonge, kama wengi. Profesa alipenda kusema kwamba namba yake haijawahi kumdhuru mtu hata mmoja, na ni kweli, maana mtu asiyekatwa hawezi kukatwa vibaya.

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi, mpaka dada yangu aliponiletea Redio.

Redio ni mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipata shuleni kwa sababu hazimwi. Anaongea akila, anaongea akioga, anaongea na fundi bomba, anaongea na bomba. Tangu ana miaka saba anaanguka. Anakuwa katikati ya sentensi, macho yanaganda, mdomo unacheza bila sauti, halafu sakafu. Dawa nne tofauti zimeshindwa kufua dafu. Dada yangu anafundisha hesabu shule ya msingi, na siku hizi anafundisha akiwa ameshika simu mkononi, akisubiri kuitwa.

Mwezi mmoja kabla tulikuwa tumemrekodi mawimbi na kujenga modeli yake. Mashine ya kupima fuvu ilikuwa kwenye matengenezo, kwa hiyo namba ya fuvu ilitoka kitabuni. Modeli ikaonyesha dhoruba inaanzia juu juu, upande wa kushoto, pale hasa ambapo maneno hutengenezwa. Daktari wetu wa upasuaji ni mwanamke mfupi asiyependa hadithi ndefu. Aliiangalia picha, akamwangalia dada yangu. "Nikikata hapa," alisema, "huenda asianguke tena. Lakini hatasema tena." Dada alimtazama Redio, ambaye wakati huo alikuwa akimweleza nesi kwa nini nyuki hawana likizo. Uamuzi ukapangwa Alhamisi, kwenye mkutano wa madaktari wa kujadili wagonjwa, na mimi nikaambiwa Jumatatu nimpime kichwa kwa mashine, ili faili likamilike.

Jumatatu nikamvisha kofia. Nikapaka jeli elektrodi zote thelathini na mbili huku yeye akinisimulia habari za mwalimu mkuu aliyejifungia chooni na ufunguo ukiwa nje. Nilipomaliza, nikafuta mikono na kuelekea mlangoni.

"Mama mdogo, unakwenda wapi?"

"Kunywa chai. Ndiyo utaratibu. Wewe tulia."

"Sijamaliza! Mwalimu mkuu bado yuko chooni." Akanishika koti la kazi, na sauti yake ikashuka. "Halafu nikianguka wewe uko chai?"

Sasa hapo utamjibu nini mtoto? Nikarudi nikakaa. Chai ikaahirishwa kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Nikaona bora nipime tu, nimalize. Nikabonyeza.

Kumi na nane. Herufi nyekundu zikajaa skrini.

"Kichwa kibovu, rudia," Redio alisoma kwa sauti. "Mama mdogo, mashine yenu inanitukana."

Nikarudia. Kumi na nane. Nikarudia tena. Kumi na nane. Nikanyoosha mkono kuchukua mhuri, mazoea yana taabu, na dada yangu aliyekuwa amekaa kimya pembeni akasema, "Subiri. Hicho kilichoharibika kinatoaje jibu moja mara tatu?"

"Ndivyo mashine ilivyo, dada."

"Mtoto asiyejua hesabu hukosea kila mara kivyake. Huyu hajakosea. Huyu ana jibu lake."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Mtu aje na chaki yake kunifundisha kazi yangu! Nikamwambia akae na mwanawe, nikaenda chai kwa hasira, nikanywa vikombe viwili, nikarudi baada ya dakika ishirini na tano kamili. Nikabonyeza. Sabini na tisa. Skrini ikawa kijani: KICHWA KIZURI. ENDELEA.

"Haya," nikasema.

"Haya nini?" dada akauliza. "Mwanangu amebadilika fuvu wewe ukiwa unakunywa chai?"

Nikamsogelea Redio na kugusa elektrodi moja juu ya sikio. Jeli ilikuwa imekauka, inabanduka vipande kama uji uliosahaulika kwenye sufuria. Jeli ikikauka, elektrodi haigusi ngozi sawasawa, umeme unapata shida kuingia na kutoka, na mashine, maskini, inadhani shida hiyo ni ubahili wa mfupa. Nikachukua sindano butu, nikaongeza jeli mbichi zote thelathini na mbili. Nikabonyeza. Kumi na nane.

Miaka kumi na mmoja tulikuwa tunapima chai.

Nilikaa chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na nimewahi kuvuliwa kilemba harusini. Vichwa vyote vile nilivyovipongeza kwa uzuri ni vile nilivyovipima vibaya, na vile nilivyovigongea mhuri ndivyo vilivyosema kweli. Redio alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanyamaza. Halafu akasema, "Usilie, mama mdogo. Nimeshatukanwa na wakubwa zaidi."

Nikaondoa themanini ndani ya modeli yake, nikaweka kumi na nane, nikaisubiri kompyuta. Lile doa lililokuwa juu juu, mahali pa maneno, likahama. Likaingia ndani sentimita moja na nusu, likatulia kwenye mkunjo wa chini, nyuma ya sikio, mahali ambapo daktari wetu hukata karibu kila mwezi na watu wanaamka wakiomba maji na kulalamikia mito. Dada yangu alisogea mpaka pua yake ikakaribia skrini. "Hapo wanaweza kukata?" aliuliza. Nikamwambia wanaweza, lakini faili haliendi popote bila saini ya Profesa.

Jumanne asubuhi nikaingia ofisini kwake na karatasi zangu zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, lazima nimpe haki yake. Kisha akauliza swali moja.

"Ulikunywa chai?"

"Sikunywa, Prof. Ndiyo hoja yenyewe."

"Ndiyo tatizo lenyewe." Akavua miwani, akaifuta. "Hatua ya sita umeiandika wewe. Kwa lugha safi kabisa. Tumepima vichwa mia nne kwa hatua ya sita."

"Tumepima jeli kavu mia nne, Prof."

"Binti yangu, huyu mgonjwa ni nani wako?"

"Mtoto wa dada."

"Unaona." Alisema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko angefoka. "Damu nzito kuliko maji. Unataka namba fulani kwa sababu unataka mtoto apone, na mimi nakuelewa. Lakini sayansi haina shangazi wala mama mdogo. Kichwa cha mtoto huyo kina kasoro. Faili litakwenda na themanini."

Nikatoka. Pale mlangoni niliiona ile fremu, namba kubwa ya dhahabu chini ya kioo, na nilitamani kuibandua nikampige nayo. Badala yake nikaufunga mlango taratibu, kwa sababu bado nilikuwa na kazi.

Jioni dada alipika ugali, akaupakua, tukaukodolea macho. Redio alikuwa chumbani akimwambia jirani kupitia dirishani kwamba kichwa chake ni kibovu lakini kina msimamo. Nilimweleza dada kila kitu, mpaka na wazo la kughushi saini, ambalo lilishanipitia. Akakataa. "Ukighushi, wakigundua watamrudisha kwenye themanini na wewe hutakuwepo kumtetea," alisema. "Mbona kazi yenu yote mnafanya gizani ofisini? Mtoto akibisha darasani, mimi namwita ubaoni afanye hesabu mbele ya wenzake."

"Profesa nitamwitaje ubaoni?"

"Si ulisema mwenyewe kila mwaka anapenda kupimwa mbele ya wageni?"

Nikaacha kutazama ugali. Ni kweli. Kila bodi ya hospitali inapokuja, Profesa huketi mwenyewe kitini, avishwe kofia, atoe hotuba, na mwisho mimi nabonyeza na themanini inatokea kwenye skrini kubwa ya ukumbi, watu wanapiga makofi. Na bodi ilikuwa inakuja Alhamisi hiyohiyo, kabla ya mkutano wa wagonjwa. Hotuba yake naijua kwa moyo. Ni ya dakika ishirini na tano.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wanabodi mbele, madaktari nyuma yao, daktari wa upasuaji pembeni na mafaili yake magotini, la Redio likiwa juu. Dada na Redio nilikuwa nimewaweka kiti cha mwisho kabisa, na Redio ameapa kunyamaza. Profesa aliketi kitini. Ana upara safi, hakuna kichwa kitamu kupaka jeli kama chake. Nikampaka, akaanza hotuba: mwalimu wake, mfupa ule, kitabu, chapa ya pili ya kitabu. Watu waliletewa chai. Mimi sikunywa.

Alipofika kwenye "na sasa, wapendwa, namba yenyewe itajisema," nikachukua sindano butu na kuanza kuzunguka kichwa chake.

"Unafanya nini?" alinong'ona bila kugeuka, kwa sababu mtu aliyevaa kofia ile hawezi kugeuka.

"Naongeza jeli, Prof. Imekauka."

"Hatuongezagi jeli."

"Ni kweli," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Hatuongezagi."

Elektrodi thelathini na mbili, moja baada ya nyingine, ukumbi mzima ukinitazama. Tone moja la jeli likamtiririka hadi sikioni. Nikarudi mezani, nikabonyeza.

Ishirini na moja. Na chini yake, kwa herufi nyekundu zilizojaza ukuta mzima, KICHWA KIBOVU. RUDIA.

Mwanabodi mmoja alipaliwa na chai. Profesa alitazama ukuta, macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Rudia," alisema. Nikarudia. Ishirini na moja. "Rudia!" Ishirini na moja. Kutoka kiti cha mwisho kabisa, kiapo kikavunjika: "Pole, babu! Hata mimi iliniambia hivyohivyo!"

Nikasimama kuwaeleza wageni habari ya jeli na chai. Niliwaambia hatua ya sita niliiandika mimi, na mpaka wa kukataa niliuweka mimi. Profesa alianza kusema kwamba kuna mambo mengi ya kitaalamu ambayo fundi hawezi kuyajua. Daktari wa upasuaji akainuka na faili la Redio mkononi, akasogea mpaka mbele ya kiti.

"Prof, swali moja tu. Ungekuwa wewe ndiye unayeingia kwangu kukatwa kesho, nitumie namba ya kitabu au ya kichwa chako?"

Jeli ilikuwa imefika kwenye kola. Nilimwona anaitazama fremu iliyokuwa imeletwa na kuegemezwa kwenye jukwaa kwa ajili ya picha, kisha anamtazama yule mwanamke mfupi. Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulitarajia. Ni vigumu mtu kusema uongo kuhusu kichwa chake mwenyewe akiwa amekivua kofia ya uprofesa na kuvaa ile nyingine.

"Ya kichwa changu," alisema, kwa sauti ndogo.

"Basi na ya mtoto huyu pia." Akamwekea faili magotini na kalamu juu yake. Profesa alifuta themanini, akaandika kumi na nane, akatia saini akiwa bado na kofia.

Usidhani alibaki chini muda mrefu. Jumatatu iliyofuata palitoka waraka: Baada ya uchunguzi wa kina ulioongozwa na Profesa, idara imethibitisha kwamba namba sahihi ya fuvu la binadamu ni ishirini na moja. Kwa kila binadamu! Uwanjani palikuwa na rangi mbichi chini ya gari lake. Vikombe vipya viliagizwa. Na mimi nikaletewa karatasi ya maagizo: mpaka wa mashine uwe kumi na tisa hadi ishirini na tatu. Nikaisoma mara mbili. Kwa mpaka huo, kichwa cha Redio kilikuwa kimerudi kuwa kibovu. Nikaikunja karatasi, nikaiweka chini ya mguu mfupi wa meza yangu, ambao ulikuwa ukinisumbua, kisha nikaingia kwenye programu nikaufuta mpaka wote pamoja na maneno yangu ya ucheshi. Aje mwenyewe auweke, kama anajua pa kubonyeza.

Redio alikatwa Jumatano. Kwa muda wa saa sita tulikaa benchi, mimi na dada, kwenye ukanda unaonuka dawa ya sakafu. Dada alisahihisha madaftari ya darasa zima na kumpa kila mtoto mia kwa mia, hata wasioandika kitu. Daktari alitoka, akasema mahali palikuwa palepale modeli iliposema, akasema sasa tusubiri aamke, akaenda zake.

Aliamka alasiri. Alifungua macho, akatazama dari, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Kimya. Dada alimshika mkono na kumwita kwa jina lake la kweli, ambalo hatulitumii kamwe. Midomo ya mtoto ikachezacheza bila sauti, kama inavyochezaga kabla hajaanguka. Miaka mitano nimemwomba mtoto huyu anyamaze walau tupate kula. Pale niliomba kwa roho yangu yote apige kelele.

"Mama mdogo," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Umekunywa chai?"

"Sijanywa, mwanangu. Sijanywa."

"Basi kaa. Mwalimu mkuu bado yuko chooni."

Tukamsikiliza mpaka mwisho, na mwisho wake haukuwa mfupi. Dada alicheka mpaka akalia, halafu akalia bila kucheka.

Kesho yake nilifika kazini mapema, nikafungua kabati la mafaili. Yenye mhuri mwekundu yalikuwa arobaini na sita, na nyuma yake mia tatu na zaidi yenye themanini za chai. Nikatafuta lile la fundi cherehani, nikapiga namba iliyoandikwa pembeni. Iliita sana. Akapokea mama yake. Nikajitaja, nikamwambia tunaomba mwanawe aje apimwe upya, tena nitampima mwenyewe, bila kumwacha.

"Lakini nyinyi mlisema kichwa chake ni kibovu," alisema. "Mpaka leo anasema hivyo mwenyewe. Akikosea mshono, anasema ndicho hicho kichwa."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za jeli, na elektrodi, na mfupa wa kabatini. Nikashindwa vyote.

"Si kibovu, mama," nilimwambia. "Hakikuwa kibovu siku ile pia."